Kidole Juu ya Santuri

Watu wa mji ule hawakuulizana miaka, waliulizana santuri. Ukitaka kujua umri wa mtu ulimwambia, "Wewe wa ipi?" naye akakujibu papo hapo, kwa kuwa hakuna aliyesahau albamu aliyozaliwa nayo. Walikuwepo wa "Kiatu Kimoja", walikuwepo wa "Chumvi Barabarani", na vikongwe wawili watatu waliobaki walikuwa wa ile ya kwanza kabisa, ambayo Badi Kirungu aliipiga kwa gitaa la nyuzi tatu kabla umeme haujafika. Badi mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona. Wengine walisema anakaa ng'ambo ya kilima, wengine walisema anakaa ng'ambo ya jana, kila mtu na lake. Lililojulikana ni kwamba alipiga roki, kwamba alipotoa albamu mwaka uligeuka, na asipotoa mwaka ulibaki pale pale, kama mgeni asiyejua kuaga.

Mwaka uliokuwepo uliitwa "Mlango wa Bati", na ulikuwa umekaa mno. Unga uliotiwa hamira haukuumuka. Meno ya watoto yalilegea yasing'oke. Wachumba waliokubaliana kuoana mwakani waliendelea kupeana salamu za aibu njiani, wala hakuna aliyejua mwakani ni lini. Naye Mwatima, mtoto wa kaka yake Kidawa mjaza magodoro, alikuwa na mimba iliyotimia zamani ikagoma. Mkunga alikuja, akagusa, akasikiliza, akasema kila kitu kiko tayari isipokuwa mwaka. Miguu ya Mwatima ilivimba mpaka akawa anavaa ndala za marehemu baba yake.

Desturi ilikuwa hivi. Albamu mpya ikifika haikuruhusiwa kusikiwa na mji mzima, maana penye wengi pana mengi, na mwaka hauwezi kugeuzwa na watu wanaobishana. Mtu mmoja aliteuliwa, akaitwa Sikio. Sikio aliingia peke yake katika Nyumba ya Kusikia asubuhi, akaisikiliza albamu mara moja, na jua lilipofika utosini alitoka barazani akasema neno moja. Akisema "Kumekucha", Karani wa Majira aligonga upatu na mwaka ukageuka. Akisema "Bado", santuri ilijengewa ukutani kwa tope na mji ukarudi kusubiri. Neno moja tu. Ndiyo-lakini haikuwemo katika sheria, ingawa kila shabiki anajua kwamba ndiyo-lakini ndiyo nusu ya mapenzi.

Kidawa ndiye aliyekuwa Sikio. Kazi yake ya mikono ilikuwa kujaza magodoro pamba, na kazi yake ya moyo ilikuwa Badi Kirungu. Alikuwa na shati jeusi lenye picha ya gitaa, lililofuliwa mpaka gitaa likabaki mstari. Mchango wa gitaa katika kila wimbo aliujua kuliko jina la mumewe wa kwanza. Lakini mapenzi yake hayakumziba masikio. Mara ya mwisho, Badi alipoleta "Vumbi la Dhahabu", Kidawa alitoka barazani macho mekundu akasema, "Bado." Nyimbo zile zilikuwa za mtu anayejisikiliza mwenyewe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Kidawa hakutaka kuwa yule anayekunywa maji huku akijilamba midomo. Santuri ikajengewa ukutani. Siku ile mimba ya Mwatima ilikuwa haijaanza hata kumtia kichefuchefu. Tangu hapo nusu ya mji haikumsalimu Kidawa, na yeye kila alipoziona zile ndala aliangalia pembeni.

Asubuhi hiyo basi, "Nyundo na Pamba" ilipoletwa, Kidawa aliichukua kwa mikono miwili. Jalada lilikuwa jeupe tupu, na katikati palikuwa na alama ya kidole gumba kilichochovywa wino. Nyuma yake, nyimbo saba. Aliinusa. Alicheka peke yake kama mwendawazimu. Badi ameleta, mwaka umeletwa, mtoto wa Mwatima ameletwa, yote yamo humu ndani ya mduara huu mweusi. Alimwambia Karani, "Bwana Shebe, leo utagonga upatu mpaka mkono ukuume," kisha akafunga mlango.

Gramafoni ya Nyumba ya Kusikia ilikuwa ndiyo pekee mjini. Kila siku ya mwaka ule mrefu ilikuwa imeupigia mji "Mlango wa Bati" kupitia spika ya juu ya paa, iliyozimwa asubuhi hii tu, na mji ulikuwa umeiga kila kitu kutoka humo. Badi wa "Mlango wa Bati" alikuwa na sauti nzito ya chini, basi wanaume wote wakajifunza kusema kwa sauti nzito ya chini. Alikokota maneno, basi watu wakakokota maneno, na baadaye miguu. Kidawa alitua sindano juu ya wimbo wa kwanza, "Asubuhi Isiyonawa Uso", akafumba macho.

Sauti ikaja. Ikaja nzito. Nzito kuliko ya "Mlango wa Bati", nzito mpaka maneno yalishikana kama ugali uliopoa. Ngoma ilipiga pigo moja, ikaondoka, ikaenda sijui wapi, ikarudi na pigo la pili. Gitaa lililia kama mtu anayeburuta kabati sakafuni.

Kidawa hakufumbua macho. Akangoja. Labda ni utangulizi. Wasanii wakubwa wana utangulizi mrefu. Wimbo wa pili, "Bomba", ukaanza, nao vile vile. Wa tatu. Amechoka. Si amechoka, amezeeka. Si amezeeka, amekata tamaa nasi. Au ni mimi? Sikio nalo huzeeka, kwa nini lisizeeke. Lakini mwaka haujageuka, sasa limezeekaje? Nani anazeeka katika mwaka usiogeuka, na anazeekea wapi? Badi, wewe ndiwe uliyeniambia katika "Chumvi Barabarani" kwamba mtu hafi mradi ana pigo lake. Pigo lako liko wapi? Nimekupa masikio yangu yote mawili. Nimekupa na huyu mtoto.

Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, na neno lilikuwa "Bado". Kidawa alilihisi chini ya ulimi, chungu. Alijua pia kwamba angeweza kulimeza, akatoka nje akasema lile lingine, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Hilo ndilo lililomtisha. Mji mzima ulikuwa umelitundika jua lake kwenye sikio la mwanamke mmoja mjaza magodoro, na mwanamke huyo akidanganya, jua lingechomoza vile vile. Basi jua ni la nani? Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, wakati wimbo wa nne ukijikokota juu ya kichwa chake, akalia kwa hasira.

Mlango wa uani ukafunguka. Sheria ilikataza mtu wa pili, lakini Mwatima alikuwa na mgongo unaouma tangu alfajiri na hakuwa na nguvu za sheria.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nani kakwambia uingie? Unataka wanijengee ukutani mimi na santuri?"

"Nyumbani hakukaliki. Nimelala ubavu huu, nimelala ubavu ule. Humu kuna godoro lako, nikajua lina pamba ya kweli." Akajilaza pale pale kwenye godoro la Sikio, chini ya meza ndogo ya gramafoni, uso wake ukawa sawasawa na santuri inayozunguka. Akaitazama ikizunguka, kisha akauliza, "Analia nini huyu?"

"Halii huyo. Hiyo ndiyo albamu."

"Sijaingilia kazi yako, shangazi. Ila hiki kidoa chekundu cha hapa katikati, mbona kinakawia hivi kurudi? Kikipita nafumba macho, nafumbua, bado hakijarudi. Nimesinzia katikati."

"Santuri zinazunguka, Mwatima. Ndiyo kazi yake."

"Hii haizunguki. Hii inajigeuza kitandani, kama mimi."

Kidawa aliinuka kwa kuudhika, ili amwonyeshe kwamba hakuna kasoro. Akaweka kidole cha shahada ukingoni mwa santuri, akaisukuma kidogo, kama asukumavyo mtu asiyeamini.

Na Badi Kirungu akafufuka.

Sauti ilipanda, ikawa nyembamba, ikawa nyepesi, ikawa ya mtu aliyetoka kuoga sasa hivi na ana habari anataka kusema kabla hajavaa. Ngoma zilizokuwa zikipotea njiani zilirudi zote kwa pamoja. Kidawa aliondoa kidole, kabati likaanza tena kuburutwa. Akarudisha kidole. Badi akafufuka tena. Aliinama akachungulia chini ya sahani ya mashine, akaona mkanda wa mpira: umelegea, umechakaa, unaning'inia kama utepe wa nguo ya mitumba. Umechoshwa na kupiga "Mlango wa Bati" kila siku iendayo kwa Mungu. Ulilegea pole pole hata hakuna aliyesikia, na wao kwa pole pole hiyo hiyo wakaulegeza mwaka wao.

"Ala," alisema Kidawa. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza. Wanaume wote wa mji ule. Karani na sauti yake ya kisimani. Mahatibu, walimu, wauza mkaa, kila mtu alikuwa ameiga mkanda wa mpira uliolegea akidhani anaiga shujaa.

"Unacheka nini, shangazi?"

"Nitakwambia. Kwanza narudia mwanzo. Sheria inasema mara moja, na ile haikuwa mara."

Akairudisha sindano kwenye wimbo wa kwanza, akaweka kidole, akazungusha. Lakini hapo likazuka jambo. Akisukuma kidogo, Badi alikuwa mzee. Akisukuma sana, Badi alikuwa kuku. Katikati ya mzee na kuku palikuwa na Badi wengi, kila mmoja kamili na jina lake, na Kidawa hakujua yupi ndiye. Hakuna aliyebaki mjini anayekumbuka mwendo wa kweli. Alisukuma mkono ukiwa umelowa jasho, akaona ajabu kwamba huyu aliyemngoja maisha yake yote sasa anaimba kwa kadiri ya kidole chake mwenyewe. Mimi ndiye ninayepiga? Au yeye ananipiga mimi? Kama ni mimi, rai yangu ninamtolea nani?

"Hapo," alisema Mwatima.

"Hapo wapi?"

"Hapo ulipopita. Rudi nyuma kidogo. Kidogo tena. Hapo hapo, usitoke." Alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, macho yamemtoka. "Hapo ndipo anapocheza. Ukizidisha ananyamaza, ukipunguza ananyamaza. Hapo anapiga teke pamoja na ngoma."

Kidawa alinyoosha mkono wake wa kushoto akaugusa upande wa tumbo. Kweli. Teke, ngoma, teke, ngoma. Kisigino kisichowahi kukanyaga ardhi kilikuwa kinajua mwendo ambao mji mzima umeusahau. Kidawa alihisi furaha ikimpanda kutoka kwenye nyayo.

Na hapo, kidole kikishika mwendo, aliisikia "Nyundo na Pamba" kwa mara ya kwanza, na hakuweza kunyamaza. Alimwelezea Mwatima kila kitu huku kikitokea, kama mtu anayesimulia mpira. "Sikiliza wa kwanza. Gitaa linaingia kabla ya ngoma, hajawahi kufanya hivyo, tangu 'Kiatu Kimoja' ngoma ndiyo inafungua mlango. Safari hii hajabisha hodi. Sasa 'Bomba', sikia besi inavyokwenda chini, chini, halafu inakata, umesikia? Amekata pale ambapo mwingine yeyote angeongeza. Huo ndio ukubwa, mwanangu, kujua pa kunyamaza. 'Niazime Jina', hapa sauti inapasuka, na ameiacha ipasuke, hajairekebisha. Nampenda kwa hilo. Naapa nampenda." Katika wimbo wa nne Badi aliimba mstari mmoja tu, akaurudia kwa sauti tofauti kila mara: *Aliyekaa kiti cha mbele ndiye asiyeona wanaosukuma gari.* Kidole cha Kidawa kilikuwa kinawaka moto. Alijiuliza Badi alijuaje.

Aliigeuza santuri upande wa pili. "Jiwe Halina Haraka" ulikuwa katikati wakati mlango mkubwa ulipogongwa. Bwana Shebe, Karani wa Majira, aliingia na upatu wake kifuani, na nyuma yake mlango ukabaki wazi.

"Bi Kidawa," alisema kwa sauti yake ya kisimani, akikokota, "jua... limefika... utosini. Watu wako barazani. Neno moja." Kisha akamwona Mwatima kwenye godoro. Akakiona na kidole. "Hii ni nini? Unaichezea albamu?"

"Naipiga ilivyo. Mkanda umelegea, Bwana Karani. Umelegea siku nyingi. Haya mazungumzo yako yote ni mkanda."

"Neno moja, Bi Kidawa. Kumekucha au bado. Watu wazima wanangoja nje juani."

"Siwezi kutoka. Nikitoa kidole anakufa."

"Basi sema hapa hapa."

Kidawa alifungua mdomo. Maneno yote mawili yalikuwepo. "Bado" lilikuwa uongo sasa. "Kumekucha" lilikuwa karibu na kweli, lakini nyimbo mbili zilikuwa hazijapigwa, na hakuwahi maishani mwake kutolea rai albamu isiyokwisha. Alimtazama mtoto wa kaka yake, akaziona zile ndala, akajua kwamba neno moja lingetosha kumfungua. Ulimi ulikuwa unakwenda kulisema. Akalia Mwatima, si kwa sauti kubwa, akasema, "Shangazi, maji." Na godoro la pamba ya kweli likalowa.

Hakuna upatu uliogongwa. Hakuna neno lililosemwa. Karani alibaki mdomo wazi, akitazama sakafu kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe.

"Njoo ushike hapa," Kidawa alisema.

"Mimi?"

"Kuna mwingine? Weka kidole. Pole. Usisukume kama unafukuza mbuzi. Sikiliza ngoma, mwendo ni huo huo, ukiupoteza nakuua."

Bwana Shebe aliweka upatu chini. Akaweka kidole chake, kile cha kutilia saini majira, juu ya ukingo wa santuri, na Kidawa akakitoa chake. Kwa kitambo Badi aliyumba, akawa mzee, akawa kuku, kisha akatulia. "Nimeshika," alisema Karani, na sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, ya kawaida, ya mtu fulani aliyekuwa mtoto wa mama fulani. Alishtuka mwenyewe.

Wimbo wa sita ulianza. Uliitwa "Upendo Upendo", na kwenye jalada uliandikwa dakika nne. Ulichukua muda wote uliohitajika. Kidawa alikuwa amepiga magoti kwenye godoro, mikono yake inafanya kazi ya mkunga aliyekuwa bado anakimbia kutoka mtaa wa pili, na kinywa chake kinafanya kazi mbili. "Sukuma mwanangu. Vuta pumzi. Kinanda cha nini hiki, Badi, nani kakwambia unahitaji kinanda? Sukuma. Upendo, upendo, upendo, ametaja mara ngapi sasa, Bwana Karani?"

"Mara ishirini na tatu," alijibu Karani kwa sauti yake nyembamba, kidole kinazunguka, jasho linamtiririka.

"Huu wimbo ni mbovu. Hata kwa mwendo wake ni mbovu. Sukuma."

"Mimi nimeupenda," alisema Mwatima katikati ya meno.

"Ni uchungu unakudanganya. Sukuma."

Nje watu walikuwa wamesogea mlangoni bila kualikwa. Waliisikia albamu, wote, kwa pamoja, kinyume cha sheria, na walianza kubishana humo humo. Mmoja alisema gitaa limezidi, mwingine akamwambia hana masikio. Walibishana haraka, maneno yakikanyagana. Mahali fulani jikoni unga uliotiwa hamira uliinua kifuniko cha sufuria. Mtoto mmoja alitema jino mkononi akalishangaa. Kidawa hakuona lolote kati ya haya. Aliona kichwa, kisha bega, kisha mtu mzima mdogo mwenye hasira, akitoka mikononi mwake katika upendo wa ishirini na tisa, akaanza kulia kwa sauti ambayo haikuwa nzito hata kidogo.

"Msichana," alisema Kidawa. Alimfunga kwenye shati lake jeusi, kwa sababu hakukuwa na kitu kingine karibu. Alilia na kucheka. Mwatima alinyoosha mikono, akampokea, akamweka kifuani, na miguu yake miwili ikatoka kwenye zile ndala.

Wimbo wa saba ulikuwa gitaa tupu, bila maneno. Ulipita juu yao wote nao wakaunyamazia, mpaka watu wa mlangoni. Kidawa aliusikiliza akiwa ameketi sakafuni, mikono imelowa, na aliujua kuwa ndio wimbo bora ambao Badi Kirungu amewahi kuupiga. Sindano ikafika mwisho, ikabaki inakwaruza. Karani hakuthubutu kutoa kidole.

"Bi Kidawa," aliuliza taratibu, "kitabu changu kinataka neno. Mwaka umegeuka, sijui nani kaugeuza. Niandike nini?"

"Andika wimbo wa sita ni mbovu."

Kutoka kwenye godoro Mwatima alisema, amechoka, anatabasamu, "Ndio aliozaliwa nao, shangazi. Watu watakapomwuliza yeye wa upi, atasema wa sita."

Kidawa alimtazama mtoto, ambaye alikuwa ameacha kulia na anageuza kichwa kuelekea kwenye gramafoni, kama anayedai kitu. Akafikiri. Alikuwa mtu mwenye haki.

"Andika ni mbovu," alisema. "Kisha, Bwana Shebe, rudisha sindano kwenye wa sita, tuusikilize tena."